Gari Nalo ni Chombo

Hii ni redio, kwa hiyo tuanze na masikio. Chukua nyundo ndogo ugonge chuma kizima. Kitaitika: ngo! Sauti kavu, inayokurudia mpaka kwenye kiwiko. Sasa gonga chuma kilicholiwa na kutu kwa ndani. Kitasema: pwa. Ukiisikia sauti hiyo ya pili chini ya gari unalolipenda, moyo unakushuka.

Mimi niliisikia uani kwetu Kibiti, chini ya mwembe, fundi akiwa amelala chali chini ya Land Rover ya marehemu baba yangu mkubwa. Ni pikapu ya dizeli, 109, toleo la tatu, lile lililotengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985. Hiyo mia moja na tisa ni inchi: umbali kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma. Leo nataka kukusimulia jinsi tulivyolifufua gari hilo papo hapo nyumbani, na jambo moja nililofunzwa katika kazi hiyo na mzee ambaye hajapata kumiliki gari maishani mwake.

Kwa usiyeijua njia yetu: ukitoka Dar es Salaam kwenda kusini, kabla hujafika Kibiti mjini kuna barabara inayochepuka kushoto kuelekea baharini, hadi bandari ya Nyamisati. Pale nchi kavu inakwisha. Mbele yako ni delta ya Rufiji: mikondo, visiwa, na makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote katika mwambao wa Afrika Mashariki. Wa Mafia wanapanda boti hapo, na wa vijiji vya ndani ya delta wanapanda mashua hapo.

Baba mkubwa aliishi kwa njia hiyo. Alikwenda na unga, sukari, mabati na mafuta ya taa, akarudi na nazi, samaki na kamba. Kamba walipakiwa kwenye kreti pamoja na barafu. Barafu ikayeyuka njiani, ikachanganyika na maji ya chumvi, ikachuruzika kwenye maungio ya sakafu ya nyuma, ikaingia kwenye chasisi. Usiku kwa usiku, miaka nenda miaka rudi. Sisi watoto tulikuwa tukiufuata mstari wa maji ule kwenye mchanga na kujua gari limepita. Hakuna aliyefikiri kwamba ule mstari ulikuwa unalimaliza gari.

Msimu wa korosho alivuka mto kwenda kusini. Enzi hizo daraja halikuwepo. Magari yalivuka kwa kivuko cha Ndundu, na masika mto ukijaa, foleni ilikuwa ya kulala. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, mabasi na pikapu nyepesi za Kijapani zikaja kwa wingi, baba mkubwa naye nguvu zikampungua. Land Rover ikaegeshwa chini ya mwembe. Kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Baada ya mazishi yake walikuja wanunuzi wa chuma chakavu, na mizani yao. Mama mkubwa akawapa maji ya kunywa, akawaambia kwa upole: "Wanangu, hili gari limesomesha watoto sita. Mizani yenu haitalifikia." Wakaaga. Usiku ule nikaahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nitalifufua.

Kosa langu la kwanza, msikilizaji, lilikuwa rangi. Nilinunua msasa, puti na rangi ya kijani kibichi, tukakwangua, tukaziba mabonde, tukapiga rangi wiki nzima. Gari liking'aa, majirani wakaja kupiga picha. Haikupita miezi miwili, rangi ikatoka vipele kwenye maungio, na kila kipele nilichokipasua kilikuwa na unga mweupe ndani, kama chokaa. Hapo ndipo nilipomwita fundi wa gereji, naye akalala chini na nyundo yake. Ngo, ngo, ngo, pwa. Pwa. Pwa.

Siku hiyohiyo alifika mgeni wa mama mkubwa, mzee mmoja fundi wa mashua kutoka Nyamisati. Nikamwamkia: "Shikamoo, fundi." Akajibu, "Marahaba, mwanangu," lakini macho yake yalikuwa chini ya gari. Akachuchumaa, akatoa msumari mfukoni, akaukwangua ubavu wa chasisi, akaunusa. Kisha akaniuliza: "Chombo hiki mlikipandisha lini mara ya mwisho?"

Nilidhani hakuona vizuri. Nikamwambia, "Mzee, hili ni gari."

Akasema, "Naona ni gari. Linakwenda baharini haliendi?"

Nikakiri kwamba linakwenda.

"Basi ni chombo. Nakuuliza mlikipandisha lini."

Tafakari swali hilo, msikilizaji. Sisi Waswahili jahazi tunaliita chombo, na sheria inaliita gari chombo cha moto. Jina ni moja, lakini matunzo tumeyatenga. Mwenye mashua hangoji maji yaingie ndipo ashtuke. Bamvua linapofika, maji yakiwa makubwa, anaisogeza mashua yake juu kabisa ya ufuo. Maji yakitoka, inabaki mchangani imeegemea magogo. Hapo anaizunguka polepole. Anakwangua makombe yaliyoganda, anagonga mbao moja moja akizisikiliza, anang'oa misumari iliyooza. Kwenye maungio anapiga kalafati: pamba iliyolowa mafuta, inasukumwa kwa patasi mpaka ufa ushibe. Chini anapaka deheni, mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa; juu anapaka sifa, yaani mafuta ya samaki. Kisha anangoja maji makubwa mengine aishushe. Hafanyi hivyo kwa sababu mashua imeharibika. Anafanya kwa sababu imekuwa baharini.

Nikamtazama baba mkubwa katika kumbukumbu zangu. Alikuwa mtu mwangalifu. Alibadilisha oili kwa tarehe, alipima upepo wa matairi, kioo cha mbele akikifuta kwa kanga safi. Lakini sikumbuki hata siku moja kuliona gari lile likioshwa tumboni.

Land Rover ina udanganyifu wake, nao ni huu. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mgao. Waundaji wakatumia mabati ya alumini kwa bodi, na chuma wakakiweka kwenye chasisi. Alumini haioti kutu nyekundu. Ndiyo maana mitaani utasikia watu wakisema Land Rover haiozi. Bodi haioti kutu, kweli, lakini mifupa iliyo chini yake ni chuma. Chasisi ile ni mabati manne yaliyochomelewa yakawa kama boksi refu, tupu kwa ndani. Tope likiingia humo halitoki. Linakaa na chumvi yake, nalo linakula kutoka ndani kuja nje. Utakapoona tundu kwa nje, ndani kumekwisha kitambo.

Na ule unga mweupe? Alumini na chuma vikigusana, katikati yake pakawa na maji ya chumvi, vinafanya kazi kama betri. Umeme mdogo unapita, na katika ndoa hiyo inayoliwa ni alumini. Rangi yangu ya kijani ilikuwa imepakwa juu ya ugonjwa huo.

Basi tukaanza upya, kutoka chini. Uzuri wa gari hili ni kwamba bodi yake imefungwa kwa bolti. Mlango, bawa, sakafu, sehemu ya nyuma, vyote vinafunguka kwa spana na uvumilivu. Tulilowesha nati kwa mafuta siku tatu kabla ya kuzigusa. Na hapa nikuonye, wewe mwenye gari la Kiingereza la zamani: nunua spana za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, na kijana wa gereji atakuletea spana ya milimita 13 akisema inakaribia. Kweli inakaribia, lakini itateleza, itakula kona za nati, na nati iliyokuwa ya dakika moja itakuwa ya patasi na asubuhi nzima.

Mpwa wangu wa kike, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne akingoja matokeo, alichukua daftari la kurasa 96 na makopo matupu ya maziwa. Kila nati iliyotoka iliingia kwenye kopo, kopo likapewa namba, namba ikaandikwa daftarini na mchoro wake. Fundi mwanzoni alimtazama tu. Wiki ya pili akawa anamwuliza yeye.

Tulipobaki na chasisi tupu juu ya magogo, tukatoboa upande wa nyuma na kuingiza fimbo. Lilitoka tope jeusi la mikokoni, limeshikana kama udongo wa mfinyanzi, na katikati yake kulikuwa na gamba la kome, zima. Tulilishika kwa zamu. Safari ya mwisho ya baba mkubwa kwenda Nyamisati ilikuwa bado imo humo.

Fundi alitaka kubandika viraka juu ya matundu, kama ilivyo desturi ya gereji nyingi, kazi iishe. Mzee wa mashua akakataa. Alisema ubao uliooza haupigiliwi ubao mzima juu yake. Unakatwa mpaka ufike penye uhai. Tukakata. Kila tulipodhani tumefika, nyundo ilisema pwa, tukakata tena. Mwishowe tuliondoa ubavu mzima wa nyuma wa kushoto, na boriti ya mwisho inayobeba sakafu, ndipo mwali wa kuchomelea ukakutana na chuma cheupe kinachong'aa. Tuliweka bati la milimita 3. Yale matundu madogo ya chini yaliyowekwa na kiwanda ili maji yatoke, ambayo mafundi wengi huyaziba wakidhani ni kasoro, tukayaacha wazi na kuyazibua kwa waya.

Juu ya chasisi, kila mahali bodi ilipokalia chuma, tuliweka kipande cha mpira wa tyubu ya zamani ya tairi, na kila bolti tukaitia grisi. Mzee akacheka kwa furaha alipoona. Akasema, "Hiyo ndiyo kalafati yenu."

Tulibishana kidogo juu ya cha kupaka chini. Wapo wanaomwaga oili chafu iliyotoka kwenye injini. Mzee alisimama. Alisema oili hiyo mvua ya kwanza itaiosha, itaingia kwenye mkondo, na kwenye mikoko ndiko kamba wanakokulia. Fundi naye akaongeza kwamba oili inavimbisha mipira ya breki na bushi za springi. Hapo mto na gereji vikakubaliana. Tulipaka rangi ya kuzuia kutu tabaka mbili, na ndani ya boksi tukapuliza grisi iliyoyeyushwa kwa moto mdogo, ikaganda humo.

Nisisahau usalama, maana tulifanya kazi hii nyumbani, watoto wakipita. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Weka magogo mazito, kisha litikise kabla hujaingia. Usichomelee tangi la mafuta, hata kama limekauka mwaka mzima, kwa sababu mvuke uliobaki ndani unalipuka. Na viatu vya breki vya zamani vilikuwa na asbesto, madini yanayodhuru mapafu. Vumbi lake usilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa pampu. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kizike kitambaa hicho. Na katika breki usifanye uchumi: mipira mipya, mabomba mapya, bila kujadiliana.

Injini tuliifungua baadaye. Ni ya lita mbili na robo, silinda nne, kazi yake haina siri kwa fundi mzoefu. Ringi, gasketi na nozo tulizipata Dar es Salaam. Lakini kurenki ilikuwa na mikwaruzo, nayo inahitaji mashine ya kuichonga, ambayo Kibiti hatuna. Tukaifunga kwenye gunia kama mtoto, tukaipakia kwenye basi hadi Gerezani, Dar es Salaam, ikachongwa, ikarudi kwa basi.

Tukiwa tunaipakua, nilikumbuka kwamba safari hiyo ni ya zamani sana katika delta yetu. Mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, tarehe 20 Septemba. Mara baada ya hapo injini ya Königsberg ikavunjika, manowari hiyo ikarudi kujificha katika mikondo ya Rufiji. Vipande vilivyovunjika vilisafirishwa nchi kavu mpaka karakana ya Dar es Salaam, vikatengenezwa upya, vikarudishwa deltani kwa njia hiyohiyo. Waingereza wakaifungia humo, na tarehe 11 Julai 1915 ikazama mtoni. Hata hapo chuma chake hakikuachwa. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikaundiwa magurudumu, ikaburutwa vitani nchi nzima. Mmojawapo uko Mombasa, Fort Jesus. Vitabu vinamtaja nahodha. Mabega yaliyovibeba vyuma vile kuvuka matope na vichaka hayatajwi. Ilikuwa vita ya watu wengine, na waliolipa ni wenyeji. Lakini ukiuliza kama watu wa pande hizi waliwahi kuona mashine iliyokufa ikipelekwa Dar na kurudi hai, jibu ni kwamba waliona zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Tulipomaliza kuunganisha, nilidhani kazi imekwisha. Mzee akauliza swali la mwisho: "Ngama iko wapi?" Ngama, kwa walio bara, ni pale chini kabisa ya chombo ambapo maji yanayopenya hukusanyika ili yakumbwe na kutupwa nje. Alisema kila chombo kitaingiza maji, na mwenye akili ni yule aliyeyaandalia mahali pa kwenda. Basi nyuma ya pikapu tukaweka vichaga vya mbao vya kuinulia kreti, chini yake sinia la bati lililoinama, na kwenye kona yake bomba la mpira linaloyatoa maji ya barafu mpaka nje, mbali na chasisi. Kazi ya nusu siku. Ingefanyika mapema, pengine gari lisingefika chini ya mwembe.

Asubuhi ya kwanza mama mkubwa alikaa mbele. Injini ikatoa moshi mweupe, ikakohoa, ikatulia katika mngurumo wake ule mzito. Yeye hakusema neno, alishika tu mpini wenye kirungu chekundu, ule wa kubadilisha gia nzito, akaushika mpaka tulipotoka mjini. Bamvua lilikuwa limejaa, na karibu na Nyamisati maji yalikuwa yamepanda kwenye njia. Nikabonyeza kirungu cha njano, magurudumu yote manne yakashika, tukapita polepole. Bandarini wazee walilitambua gari kabla hawajatutambua sisi.

Tuliporudi jioni hatukuingia ndani. Tulichota maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, madumu sita, tukaliosha tumbo kwa mpira na brashi, tukazibua matundu, tukaliacha likauke. Mpwa wangu, ambaye sasa anajifunza ufundi kwa fundi yuleyule, aliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: kila bamvua, osha chini, gonga, sikiliza. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo ratiba yetu imeandikwa mbinguni na haipotei.

Ndugu msikilizaji, najua wengi wenu hamna Land Rover. Mnazo pikipiki, bajaji, Noah, pikapu za Kijapani zinazobeba samaki na chumvi kila siku kutoka Nyamisati, na kwingineko mwambaoni. Hivyo vyote ni vyombo. Hapo pwani wapo wazee wanaojua tangu utotoni jinsi ya kuishi na chuma na ubao karibu na chumvi, na mlangoni mwao hakuna foleni ya vijana. Nenda ukamsabahi mmoja. Mpeleke chini ya gari lako, kisha umwache aulize.

Na kesho alfajiri, kabla hujawasha, chukua nyundo ndogo, uinamie chini, ugonge taratibu kutoka mbele hadi nyuma. Usiogope jibu utakalopewa. Likiwa ngo, shukuru, kaoshe. Likiwa pwa, bado una nafasi ya kukata mpaka penye uhai.

Safari njema, na maji baridi yawe karibu.